Mchumia Juani wa Bonde la Skell

Katika magofu ya Abasia ya Fountains, kaunti ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kuna ukumbi wa mawe ambao wapiga picha hawauchoki. Una urefu wa mita 90 hivi. Hauna madhabahu wala sanamu, wala kaburi la mtu mkubwa. Nguzo fupi zimepangwa katikati kwa mstari mmoja, na kila nguzo ikifika juu inatawanyika kuwa matao yanayokwenda kukutana na matao ya jirani yake, mithili ya minazi iliyopandwa kwa kamba mpaka makuti yakagusana. Mwanga unaingia kwa kuomba ruhusa. Popo wamefanya makao humo, nao wanalindwa kwa sheria. Mgeni asiyeambiwa kitu atavua kofia na kushusha sauti, kwa kuwa macho yetu yamezoea kwamba palipo na matao, mawe na giza pana sala. Kumbe ni ghala. Zamani kuta za ndani ziliugawa ukumbi huo vipande: upande mmoja stoo za abasia, upande wa pili bwalo la mabradha, wale watawa wasiosoma waliolima, waliochunga, waliofua chuma na kuoka mikate. Juu ya matao, kwenye ghorofa ambayo leo haina paa, mabradha hao hao walilala. Mazao chini, wazalishaji juu, na ngazi ya kushukia kanisani pembeni. Picha ya ghala hilo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Watu waliokimbia mali walijenga stoo ndefu kuliko makanisa mengi, tena wakaijenga kwa uzuri ambao wengine humtunzia Mungu peke yake.

Mwanzo haukuwa na ghala, wala paa. Mwaka 1132, katika abasia tajiri ya Mtakatifu Maria mjini York, baadhi ya wamonaki walianza kunong'onezana kwamba maisha yao yamelainika. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, andiko la karne ya 6 waliloahidi kulifuata, humtaka mmonaki asali, asome, afanye kazi kwa mikono yake, ale kwa kiasi na anyamaze sana. Pale York Kanuni ilisomwa kila siku na meza ikaandaliwa kila siku, na viwili hivyo havikujuana. Habari za Wasitoo zilikuwa zimewafikia: watu wa Cîteaux, huko Burgundy, ambako mwaka 1098 Roberto wa Molesme na wenzake walianza upya kuishi Kanuni bila kuipunguza makali. Tena mapema mwaka huo huo wa 1132 Wasitoo wenyewe walifika Yorkshire wakaanzisha abasia ya Rievaulx. Kielelezo kilicho ng'ambo ya bahari hupendeza. Kilicho jirani huchoma. Mwezi Oktoba Thurstan, Askofu Mkuu wa York, alikwenda kusuluhisha, kikao kikageuka vurugu, akatoka humo na wamonaki 13 nyuma yake. Siku mbili baada ya Krismasi aliwapa kipande cha bonde la mto Skell, karibu na Ripon, mahali pa miiba na mawe palipofaa wanyama kuliko watu.

Walijikinga chini ya mti mkubwa wa elmi. Wakamwandikia Bernardo, abate wa Wasitoo wa Clairvaux huko Ufaransa, wakiomba kupokewa, naye akawapelekea mmonaki wake mzee, Geoffroi, awafundishe utaratibu. Njaa ilipobisha hodi walichemsha majani ya mti ule ule uliowafunika, wakayatia chumvi, wakala. Masimulizi yao yanasema siku moja mpita njia aliomba mkate, na monasteri nzima ilikuwa na mikate miwili na nusu, iliyowekwa kwa ajili ya mafundi wa ujenzi. Abate akaamuru mgeni apewe mmoja na mafundi wabakiziwe mmoja na nusu. Wamonaki, alisema, Mungu atawaangalia. Muda si muda likatokea gari la mikate kutoka ngome ya Knaresborough. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mswahili hahitaji mmonaki wa kumfafanulia muujiza huo. Tunaijua hadithi kupitia kwa Serlo, mzee wa siku nyingi aliyeisimulia mwanzoni mwa karne ya 13 ili iandikwe, na wazee wanaposimulia ujana wa nyumba yao nao huwa na chumvi yao. Mimi namwamini kwa yale majani. Mkate wa muujiza mtu anaweza kuutunga. Mchuzi wa majani ya mti una aibu fulani ambayo mtunzi angeificha. Namwamini pia kwa habari ya mafundi, kwamba katika nyumba yenye njaa sehemu ya mfanyakazi ilihesabiwa kabla ya sehemu ya mwenye nyumba. Naomba msomaji aishike habari hiyo mkononi tunapoendelea.

Kufikia mwaka 1135 walikuwa wamekata tamaa, na Bernardo amekwisha kukubali kuwapa mahali Ufaransa. Ndipo Hugh, dekano wa kanisa kuu la York, mtu mzima mwenye nafasi, alipojiunga nao pamoja na fedha zake na vitabu vyake. Wengine wenye mali wakafuata. Umaskini wa Fountains, ule wa kweli usiomwomba mtu ruhusa, ulikwisha hapo. Uliobaki ni umaskini wa kuchagua, nao ni kitu kingine: una ratiba, una kanuni, una chakula cha kesho. Sisemi ni wa uongo. Nasema maskini wa kuzaliwa akikutana nao njiani hautambui.

Ratiba yenyewe ilikuwa nzito, na haki inadai isemwe hivyo. Mnamo saa nane usiku kengele ililia, na wamonaki, waliokuwa wamelala bwenini na nguo zao mwilini, wakashuka ngazi za usiku moja kwa moja hadi kanisani kuimba sala ya kesha. Hakukuwa na moto. Yorkshire mwezi Januari baridi hupenya mawe, na mawe huitunza. Waliimba zaburi moja baada ya nyingine, nyingi wakizijua kwa moyo, upande mmoja wa kwaya ukitoa mstari na upande wa pili ukipokea, hata giza lenyewe likawa na pande mbili zinazoitikiana. Alfajiri walirudi kwa Masifu ya Asubuhi, kisha sala fupi za saa zilizokata mchana vipande, kisha Masifu ya Jioni, kisha Sala ya Mwisho kabla ya kulala. Kila juma zaburi zote 150 zilipita midomoni mwao, na juma la pili zikaanza upya, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtu akafa katikati ya mzunguko na mzunguko usisimame. Anayeamka kwa tahajudi, au aliyezoea kumsikia mwadhini wa alfajiri akikumbusha kuwa sala ni bora kuliko usingizi, haelezwi maana ya mwili kuinuka saa ambayo mwili umeomba kuachwa. Ni tendo la ajabu. Halina tija. Halimpati mtu chochote cha kuonyesha asubuhi. Na zaburi zenyewe si za watu wapole: ndani yake kuna vilio, laana, madai ya kisasi, mtu anayemwuliza Mungu amelala mpaka lini. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya sala ya usiku. Kuna mambo ambayo mwanadamu akiyasema mchana ni malalamiko. Akiyaimba usiku wa manane, katika sauti ya pamoja, kwa maneno aliyoyarithi, yanaacha kuwa yake peke yake.

Kisha kimya. Wasitoo hawakuapa ububu kama watu wanavyodhani, lakini maneno yalikuwa na mahali pake, na mahali hapo palikuwa padogo. Kwa mahitaji ya kila siku walitumia ishara za vidole, ya mkate, ya kitabu, ya samaki, na kulikuwa na chumba maalumu cha kusemea yaliyolazimu kusemwa. Chumba kingine kilikuwa cha kuotea moto, na ukiacha jiko na nyumba ya wagonjwa, hapo ndipo moto ulipopatikana. Tangu katikati ya Septemba hadi Pasaka walikula mara moja kwa siku: mkate, kunde, mboga. Nyama ya mnyama wa miguu minne ilikuwa ya mgonjwa. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa kawaida husema hivyo kwa kuonya, kwamba anayenyamaza ana jambo. Wasitoo wangeikubali methali hiyo kwa mikono miwili. Walinyamaza kwa sababu walikuwa na jambo, na jambo lenyewe waliliona kubwa kiasi kwamba gumzo lingelipunguza.

Macho nayo yalifunga saumu. Mnamo mwaka 1125 Bernardo aliandika waraka mkali dhidi ya mapambo ya monasteri nyingine, akiuliza wanyama wa ajabu wa kuchongwa wanafanya nini mbele ya watu wanaojaribu kusoma. Ni waraka wa kuchekesha bila kukusudia, maana Bernardo anawahesabu wanyama wale mmoja mmoja kwa ufasaha mkubwa hata unagundua kwamba aliwatazama sana. Huenda ndiyo sababu aliwaogopa. Makanisa ya Wasitoo yalitiwa vioo visivyo na rangi, misalaba ikawa ya mti, kuta zikaachwa wazi. Walichopata hawakukipangia: nuru. Ukutani kusipokuwa na kitu, mwanga wa jua ukizunguka ndilo pambo, nao hubadilika kila saa bila gharama. Wasanifu wa majengo wa karne ya 20 waliotamani usahili walikwenda kujifunza katika kuta hizo. Umaskini wa kuchagua, ukitunzwa vizuri, huzaa uzuri ambao matajiri huulipia.

Lakini nani alizitunza kuta hizo? Mmonaki wa kwaya alivaa sufu isiyotiwa rangi, na ndiyo maana watu waliwaita wamonaki weupe. Bradha alivaa kahawia na kufuga ndevu. Mmonaki alisoma, bradha alikatazwa kitabu. Alifundishwa kwa kusikia Baba Yetu, Nasadiki, zaburi ya toba, na machache mengine, basi. Kanisani alikaa upande wa magharibi, nyuma ya kizuizi, na altare kuu akaisikia zaidi ya kuiona. Hakuwa na kura abate alipochaguliwa. Kengele ikilia akiwa shambani alisimama pale pale mtaroni, akasema Baba Yetu mara kadhaa, akaendelea na jembe. Aliweka nadhiri za maisha kama mmonaki, alivumilia baridi kama mmonaki, lakini sheria ilimkataza kuvuka na kuwa mmonaki hata angejifunza kusoma kwa miujiza. Walikuwa wengi. Mwandishi wa maisha ya Aelred, abate wa Rievaulx aliyefariki mwaka 1167, anataja wamonaki 140 na mabradha na watumishi 500 katika nyumba ile moja jirani. Fanya hesabu: kila sauti moja katika kwaya ilisimama juu ya migongo mitatu na nusu.

Mchumia juani hulia kivulini, tunawaambia watoto, na methali inachukulia kwamba mchumaji na mlaji ni mtu yule yule, ametengwa na nafsi yake kwa saa chache tu za jua. Bonde la Skell liliwagawa. Aliyechuma juani alikuwa mmoja, na aliyekaa kivulini na kitabu alikuwa mwingine, na kati yao kulikuwa na ukuta wa mawe mazuri. Kanuni ya Benedikto ilisema mmonaki ni mmonaki kweli akiishi kwa kazi ya mikono yake. Wasitoo waliipenda sentensi hiyo, wakaifanyia kazi kwa saa chache kila siku, na nyakati za mavuno walitoka kweli kushika mundu. Sehemu kubwa iliyobaki waliikabidhi kwa mikono mingine waliyoifunga kwa nadhiri. Wala sidhani walikuwa wanafiki. Nadhani waligundua jambo ambalo kila anayetaka muda wa kusali, kusoma au kuandika huligundua mapema, kwamba mtu fulani lazima apike. Mwenye kuandika tafakari hii naye kuna aliyemfulia nguo juma hili.

Na bradha mwenyewe alitaka nini? Tusimfanye mjinga. Kwa mtoto wa mkulima wa karne ya 12 asiye na ardhi, ndevu zile zilimaanisha mkate kila siku, kitanda, mtu wa kumwuguza, kaburi lenye sala juu yake, na ahadi kwamba mbele ya Hakimu wa mwisho zaburi zilizoimbwa ng'ambo ya kizuizi zitahesabiwa kwake pia. Ni mkataba ambao wengi leo wangeutia saini kabla hujamaliza kuusoma. Lakini palipokuwa na mkataba palikuwa na malalamiko. Schönau, Ujerumani, katika karne hiyo hiyo, mabradha waliasi kwa ajili ya viatu walivyonyimwa. Wales, mwaka 1195, mabradha wa abasia ya Cwmhir walimwibia abate farasi zake kwa sababu aliwakataza bia, wakahukumiwa kutembea kwa miguu hadi Clairvaux kutubu. Watu hucheka wakisikia habari hizi. Mimi hazinichekeshi sana. Aliyenyimwa kitabu, kura na kwaya amebakiwa na viatu na bia, na ukimnyang'anya hivyo umemwambia waziwazi yeye ni nani.

Wamonaki walijua wanadaiwa. Katika vitabu vyao vya visa vya watakatifu, mabradha wanatokea mara nyingi, wakipata maono ambayo wasomi hawayapati. Kisa kimoja cha Clairvaux kinamhusu bradha mlimaji aliyeota kwamba Kristo anatembea upande wa pili wa ng'ombe wake, ameshika fimbo ya kuwaswagia, anamsaidia kulima. Ni kisa kizuri. Katika maandishi yote ya Wasitoo ninayoyajua sijaona kingine kinachomleta Mungu karibu namna hiyo. Hata hivyo hukisoma kwa macho mawili. Jicho la kwanza linamwona Bwana mavumbini, hajali nani amesoma na nani hakusoma. La pili linaona kwamba alishika fimbo ya ng'ombe, na kalamu akaiacha mikononi mwa wenyewe.

Migongo ile ilizaa mali. Wasitoo walitaka kukaa mbali na miji, wakachukua ardhi ambazo hakuna aliyezipigania, na ardhi ya namna hiyo kaskazini mwa Uingereza inafaa kitu kimoja: kondoo. Fountains ilianzisha mashamba ya mbali, kila moja na mabradha wake, kuelekea milima ya magharibi, na sufu ikashuka kutoka huko hadi kwenye ghala lile la matao. Wanunuzi walikuja kutoka Flanders na Italia. Pegolotti, mfanyabiashara wa Florence aliyeandika mwongozo wa biashara katika karne ya 14, anaihesabia Fountains magunia 76 ya sufu kwa mwaka, na gunia la kipimo cha wakati ule lilikuwa na kilo 165 hivi. Hakuna monasteri nyingi zilizofikia hapo. Kisha wakafanya kama wafanyavyo wenye mazao popote: wakauza sufu ambayo bado ilikuwa mgongoni mwa kondoo. Mwaka 1276 walifunga mkataba na Waitalia, wakapokea fedha mapema, na upele ukaingia katika makundi. Kondoo hawasomi mikataba. Madeni yalikua hata mfalme akaiweka abasia chini ya usimamizi wa mtu wake. Mali bila daftari huisha bila habari, lakini wale daftari walikuwa nalo, limeandikwa kwa mwandiko mzuri, na mali ikawasumbua vile vile. Watu walioondoka York kwa ajili ya meza iliyonona walikuwa sasa wanakosa usingizi kwa ajili ya bei ya sufu, juu ya usingizi waliokwisha kuukosa kwa ajili ya zaburi.

Kuna jambo jingine ambalo ghala halilisemi. Jangwa walilolitaka halikupatikana kila mahali, na palipokosekana lilitengenezwa. Baadhi ya vijiji vya Yorkshire viligeuzwa kuwa mashamba ya Wasitoo na wenyeji wake wakahamishwa. Walter Map, mtu wa ikulu ya Mfalme Henry II, aliwadhihaki kwamba wanafanya upweke ili waweze kuwa wapweke. Map aliwachukia wamonaki weupe na ulimi wake ulikuwa na sumu, kwa hiyo maneno yake yachujwe. Ila hapa chujio linabaki na kitu. Sala ya usiku ilihitaji kimya, kimya kilihitaji nafasi, na nafasi ilikuwa na watu. Sijui mtu aliyebeba sufuria na kuku wake akiondoka kijijini aliisikiaje kengele ya saa nane usiku.

Mengine yalikwenda haraka. Tauni ya 1348 na 1349 iliua bila kubagua kahawia na nyeupe, na baada yake vijana wasio na ardhi wakapata ujira mzuri kwingine. Mabradha wakapungua hadi karibu kutoweka, na mashamba yakakodishwa. Bwalo lao likabaki bila walaji. Marmaduke Huby, abate tangu 1495 hadi 1526, alijenga mnara wa mawe unaokaribia mita 50, ingawa shirika lake tangu karne ya 12 lilipiga marufuku minara ya mawe. Ni mnara mzuri, na kila jiwe lake linakanusha majani ya elmi. Mfalme Henry VIII alipoanza kufunga monasteri, kaskazini iliasi, na William Thirsk, aliyewahi kuwa abate wa Fountains, alinyongwa Tyburn mwaka 1537. Tarehe 26 Novemba 1539 abate wa mwisho, Marmaduke Bradley, alitia saini hati ya kusalimisha nyumba, akapewa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Mwaka uliofuata mfanyabiashara wa London, Richard Gresham, akainunua. Risasi ya paa ilichukuliwa, mawe yakajengea jumba la tajiri hapo hapo jirani, na katika karne ya 18 tajiri mwingine akaliingiza gofu katika bustani yake liwe pambo la kutazamwa mwisho wa matembezi. Tangu 1986 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kanisa halina paa. Ghala lina paa lake la mawe mpaka leo, na kwa jambo hilo mimi nafurahi kidogo.

Wasitoo hawakwisha. Katika karne ya 17 abate Rancé wa La Trappe, Ufaransa, alirudisha ukali wa zamani, na wafuasi wa mkondo huo, Watrapisti, wakafika hata kwetu. Mwaka 1954 walianzisha Mokoto, Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1956 wakatoka Uholanzi wakafika Kipkelion, Kenya. Nao walitafuta bonde la kimya, na dunia ikawafuata kama ilivyowafuata wa Fountains, ambao abasia yao ilichomwa mwaka 1147 katika ugomvi wa nani awe Askofu Mkuu wa York. Mwaka 1996 wakimbizi waliojihifadhi Mokoto waliuawa pale pale, na wamonaki wakalazimika kukimbia. Baada ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008 wale wa Kipkelion walihamia Uganda. Kusini mwa Tanzania, Wabenedikto walioishika Kanuni hiyo hiyo walifika Peramiho mwaka 1898, na wengi wetu tunawajua kwa karakana, hospitali na mitambo ya kuchapa vitabu kuliko tunavyowajua kwa zaburi zao. Yaani tunawajua kwa mikono. Ukimwuliza mzee wa Songea nani alimfundisha useremala, atakutajia bradha kabla hajakutajia abate.

Ule ukuta kati ya kwaya na mabradha uliishi muda mrefu kuliko Fountains, kuliko wafalme waliofunga monasteri. Ulivunjwa mwaka 1965. Mwishoni mwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano Watrapisti waliamua kwamba katika nyumba zao kutakuwa na aina moja tu ya mmonaki, na bradha akapata vazi lile lile, nafasi katika kwaya na kura ya kumchagua abate. Tangu Cîteaux ilipoanza ilikuwa imepita miaka 867. Muda wote huo, kila jioni, walikuwa wakiimba wimbo wa Maria, ule wa wakuu kushushwa na wanyonge kukwezwa. Walichelewa mno.